Ufa wa Kuandikwa

Bi Odessa Pickens, Bi Dessa kwa wanaomzoea, alikuwa amefunga vifundo vya miguu ya vijana warefu kwa miaka ishirini na minne, na katika miaka yote hiyo hakuna hata mmoja aliyemuuliza vyake vinaendeleaje. Vilikuwa vinamuuma. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja, mjane, mnene wa kiasi, vidole vigumu kama vya fundi viatu, na mdomo ambao wachezaji wa Chuo cha Pearl Bend waliuogopa kuliko wa kocha. Kijana akichelewa mezani kwake alimwambia, "Kaa hapo, bwana mkubwa. Nilidhani timu za kulipwa zimeshakuchukua, kumbe ulikuwa umelala." Kijana anakaa, ananyoosha mguu, anafungwa plasta ngumu nyeupe kuanzia unyayo mpaka juu ya kifundo, kisha anakwenda zake uwanjani kucheza mpira wa kikapu.

Chumba chake cha matibabu zamani kilikuwa stoo ya viti. Kina meza mbili, kabati moja, na mashine ya barafu inayokufa kila Agosti, joto la Mississippi linapofika shingoni. Alikuwa peke yake. Kwenye vyuo vikubwa timu moja ina watu sita wa kazi yake, mmoja wa kusimamia chakula tu, na mashine ya kupiga picha mifupa mle mle ndani ya jengo. Pearl Bend ukitaka picha ya namna hiyo unaendesha gari saa mbili mpaka Jackson, na bili inakwenda kukaa kwa mhasibu mpaka karatasi inabadilika rangi.

Timu hii, tuseme ukweli, iliishi kwa kupigwa. Kila Novemba na Desemba, kabla ligi yao haijaanza, walipanda basi kwenda ugenini kucheza na vyuo vyenye fedha. Chuo kikubwa kilipata ushindi wa mteremko mbele ya watu elfu kumi na tano, Pearl Bend ilipata hundi. Dola elfu tisini hapa, laki moja pale. Wenyewe waliziita mechi za hundi. Hundi hizo ndizo zilizolipa mabasi, jezi, plasta na mshahara wa Bi Dessa. Mtu unapigwa kwa pointi hamsini, unaoga, unakula kuku wa kwenye boksi, unarudi nyumbani. Hakuna aliyeona aibu. Kazi ni kazi.

Lakini zamani wachezaji walirudi wote. Tangu vyuo viruhusiwe kuwalipa wachezaji waziwazi, mambo yakageuka. Kijana wa Pearl Bend aking'ara kwenye mechi ya hundi, kocha aliyetoka kumfunga ndiye anayeandika jina lake pembeni. Halafu Aprili inafika, orodha ya wanaotaka kuhama inafunguliwa, ile wanayoiita mlango, na simu ya kijana haipumui. Mwaka juzi aliondoka mmoja. Mwaka jana wakaondoka watatu, wote katika wiki moja, na mmoja alikuwa bado na barafu ya Bi Dessa gotini.

Utamlaumu nani? Pearl Bend iliwalipa vijana wake kwa michango. Kinyozi alitoa kidogo, mwenye nyumba ya mazishi akatoa kidogo, akina mama wa kanisa wakakaanga kambare kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi na kuuza sahani dola kumi na mbili, pamoja na mkate na kabichi. Zikikusanywa zote, mchezaji bora aliondoka na dola mia nne kwa mwezi. Chuo kikubwa kinachomtaka kilimpa dola mia nne kabla hajamaliza kunywa chai.

Mchezaji bora mwaka huo alikuwa Ladarion Spights, Dari. Alikuwa na miaka ishirini, mrefu, mkimya, anaruka kama sakafu imemchoma. Mama yake, Vernice, alikuwa amefanya kazi miaka kumi na tisa kwenye kiwanda cha kambare mji wa pili, amesimama kwenye maji baridi anachuna samaki, na viganja vyake vilikuwa vimeanza kukataa kukunjika. Usiku vinakufa ganzi, asubuhi anavipasha kwenye maji ya moto ndipo avae viatu. Dari hakuwa mtu wa hadithi nyingi, lakini akiwa mezani kwa Bi Dessa alizungumza. Alisema anataka jambo moja tu. Anataka mama yake atoke kwenye yale maji. Mengine yatakuja yenyewe.

"Na wewe unataka nini?" Bi Dessa alimuuliza siku moja.

"Nimekwambia."

"Huyo ni mama yako. Nauliza wewe."

Dari alifikiri sana, mpaka plasta ikaisha. "Viatu vya namba yangu," akasema. Alivaa namba kumi na sita, na chuo kiliagiza kumi na tano kwa sababu zilikuwa na punguzo.

Jumanne moja ya Desemba, siku nne kabla ya mechi kubwa kuliko zote za hundi, Kocha Alphonso Mims aliingia kwenye chumba cha matibabu akafunga mlango. Kocha alikuwa mtu wa suti mbili na hotuba moja. Safari hii hakuhutubia. Alikaa kwenye meza ya wachezaji, akaanza mbali: timu hii ni nzuri, haijapatikana timu kama hii kwa miaka kumi na tisa, safari hii wanaweza kuchukua ligi. Baraza la chuo limeshasema kwamba timu isipoonyesha kitu mwakani itapunguzwa, na wa kwanza kupunguzwa hatakuwa mfunga pointi. Bi Dessa alimsikiliza huku akipanga mikasi yake.

"Kocha," akamwambia, "umekuja kuniambia nini ambacho unaogopa kukisema?"

"Jumamosi sitaki Dari acheze."

"Basi usimchezeshe. Wewe ndiye kocha."

"Nikimkalisha bila sababu, wale waliotulipa watalalamika, na yeye mwenyewe atajua. Dada Pickens, nikimpeleka pale kwenye taa zote zile, natangaza mnada. Nataka awe na kitu mguuni. Kidogo tu. Siku kumi."

"Hana kitu."

"Juzi alisema unyayo wa kushoto unamwasha."

"Kiatu kinambana. Mnunulie kiatu."

Kocha akasema, polepole kabisa, "Mwaka jana uliwafunga watatu miguu kuanzia Agosti mpaka Machi. Sasa hivi wako wapi? Na wewe uko wapi?"

Hilo ndilo lililomwingia. Si kwamba hakuwa na akili ya kujua lililo sawa na lisilo sawa. Alisomea kazi hii kwa mkopo aliomaliza kuulipa akiwa na miaka arobaini na nne, na leseni yake ilikuwa ukutani ndani ya fremu. Lakini alikuwa amechoka. Alikuwa amechoka kuwalea vijana wa watu kisha kuwaona kwenye televisheni wamevaa rangi za wengine, mtangazaji anasema chuo kikubwa kimewaibua. Wameibuliwa na nani? Na kazi yenyewe aliihitaji. Nyumba aliyoachiwa na marehemu mume wake ilikuwa na paa lenye maturubai mawili.

Akaandika. Kwenye kompyuta ya chuo, jina, tarehe, halafu: anashukiwa kuwa na ufa mdogo kwenye mfupa wa unyayo wa kushoto, picha haijapigwa, apumzike siku kumi. Alichagua ufa kwa sababu ufa wa namna hiyo, ukiwa mchanga, hauonekani hata kwa eksirei ya kawaida, na hakuna ambaye angegharimia safari ya Jackson ili kuukanusha. Daktari wa kujitolea, aliyekuwa akija kila Alhamisi, alitia saini bila kusoma, kama kawaida yake. Pearl Bend hakuna aliyekuwa akisoma karatasi. Hawakuwa na mtu wa kazi hiyo.

Kumwambia Dari ndiko kulikokuwa kazi. Aliubonyeza unyayo, akauliza hapa je, na hapa je, na kijana, ambaye kiatu kilikuwa kinambana kweli, akasema ndiyo kidogo. Akamweleza kwamba tusipoangalia unaweza kuvunjika. Dari alimtazama usoni, akasema, "Wewe ukisema nikae, nakaa." Hakuuliza zaidi.

Jumamosi waliondoka saa kumi na moja alfajiri, wakapigwa tisini na tisa kwa arobaini na nane, Dari akiwa kwenye benchi na kiatu kikubwa cha plastiki mguuni. Hundi ikatoka. Njiani kurudi Kocha Mims alipita kwenye kiti cha Bi Dessa akamgusa bega. Bi Dessa akageukia dirishani.

Januari Dari alirudi uwanjani na timu ikaanza kushinda. Machi walifika fainali ya ligi yao, na hapo ndipo ujanja wote wa Kocha ulipogeuka kuwa upuuzi, kwa sababu fainali ilionyeshwa kwenye televisheni nchi nzima. Dari alifunga pointi thelathini na moja. Walipoteza kwa pointi mbili. Kila mwenye macho alimwona, wakiwemo wale waliowapiga Desemba. Bi Dessa alilia, lakini moyoni alipata nafuu pia. Alijiambia hivi: hakuna kilichoharibika. Kijana ameonekana. Nilichokifanya kimefutika.

Aprili mlango ukafunguliwa, na chuo kile kile cha Desemba kikapiga simu siku ya kwanza. Dola laki tatu na elfu arobaini kwa mwaka, nyumba, na gari la kutumia. Dari aliingia chumba cha matibabu akiwa amejishika kichwa kwa mikono miwili. Alisema mama yake ameambiwa, na hakupiga kelele, alikaa chini tu sakafuni jikoni. Kilibaki kitu kimoja: wale watu walitaka faili lake la matibabu, na alishasaini karatasi ya ruhusa.

"Bi Dessa, tuma leo leo, tafadhali. Wanasema wana wengine wawili kwenye orodha, anayewahi ndiye anayechukua."

Alikaa mbele ya kompyuta na faili lile kwa saa nzima. Kurasa kumi na tisa. Ule ukurasa ulikuwa wa kumi na mbili, kati ya kidole kilichoteguka na mafua. Kuufuta kulikuwa kosa la pili, na mtambo ungeonyesha nani kafuta na saa ngapi. Akajipa moyo: nani atasoma mpaka wa kumi na mbili? Akatuma.

Alikuwa anapima mambo kwa kipimo cha kwao. Mahali penye watu sita, mmoja yupo kwa ajili ya kusoma.

Asubuhi iliyofuata, saa tatu na nusu, simu ya mezani ililia. Alikuwa kijana mmoja mwenye adabu sana, mkuu wa matibabu wa kile chuo kikubwa. Alimpongeza kwa faili safi. Kisha akauliza kuhusu ule unyayo. Picha ilipigwa baadaye? Bi Dessa akajibu kwamba haikupigwa. Alipumzishwa siku ngapi? Kumi. Maumivu yakarudi? Hayakurudi.

"Mama, nikuulize moja kwa moja, maana kocha wetu anataka jibu kabla ya saa tano," yule kijana akasema. "Kulikuwa na ufa, au hakukuwa na ufa?"

Hapo ndipo maisha yake yote yaliposimama na kumtazama. Sentensi moja ilitosha. Hakukuwa na ufa, niliandika uongo. Leseni ingeteremshwa ukutani, Kocha angefukuzwa, chuo kingeburuzwa kwenye magazeti na vyuo vyenye fedha vingekataa kuwaalika tena, na bila mechi za hundi hakuna timu. Upande wa pili, mama mmoja ndani ya maji baridi. Bi Dessa alifungua mdomo.

"Tulishuku," akasema. "Tulichukua tahadhari."

"Kwa hiyo huwezi kuniambia kwamba haukuwepo."

"Siwezi."

Yule kijana alishukuru, akamtakia siku njema. Wangeweza kumwita Dari wakampiga picha kwenye mashine yao wenyewe, ingechukua nusu saa. Hawakujisumbua. Mwenye fedha hatengenezi kilichotiliwa shaka, anachukua kilicho pembeni yake. Saa tano na robo Dari alipigiwa simu na kuambiwa nafasi imepata mtu. Vyuo viwili vingine vilivyokuwa vimeulizia vikanyamaza siku hiyo hiyo, maana habari za mguu mbovu hazihitaji basi. Siku kumi na tano baadaye mlango ulifungwa naye akiwa ndani.

Pearl Bend ilifurahi. Hili ndilo lililomkaba Bi Dessa. Hakuna aliyejua sababu. Walichokijua ni kwamba Dari Spights amebaki. Kinyozi alibandika picha yake dirishani. Jumapili ya kwanza ya Mei kanisani walimsimamisha mbele, mchungaji akasema huyu ni kijana ambaye fedha haikumnunua, na watu wakapiga makofi mpaka benchi zikatikisika. Dari alisimama mikono nyuma, anatazama viatu. Vernice alikuwa safu ya pili, viganja mapajani, hapigi makofi. Pengine hakuweza. Mwenye nyumba ya mazishi alitangaza kwamba mchango utapanda, sasa kijana atapata dola mia tano na hamsini. Bi Dessa alitoka nje akisema anahitaji hewa.

Mwezi wa nane mazoezi yakaanza, na Kocha Mims akaja kulalamika kwamba Dari hafai. Haruki. Akiruka anatua kwa mguu wa kulia peke yake, kama amebeba mayai. Kwenye mazoezi anawapisha watoto wa mwaka wa kwanza. Kocha alisema amevimba kichwa kwa sababu ya kusifiwa. Bi Dessa alikwenda ukumbini, akakaa kwenye ngazi akamwangalia kwa dakika ishirini, na alichokiona hakikuwa kuvimba kichwa. Kijana alikuwa anaulinda mguu wa kushoto. Alikuwa anaulinda ufa.

Akamwita. Dari akakaa mezani, akavua soksi mwenyewe.

"Unakuuma?" Bi Dessa akauliza.

"Sana sana nikitua. Usiku pia. Nimesoma kwenye simu, wanasema ukivunjika pale hauungi vizuri." Akashusha sauti. "Ungenipeleka Jackson, Bi Dessa. Kama ni kukatwa nikatwe, nijue moja."

Bi Dessa aliushika ule unyayo kwa mikono miwili. Ulikuwa mzima, wa moto, mgumu, mguu wa farasi. Alikuwa na maneno mengi ya kuwakemea vijana, lakini la kukiri kosa lake mwenyewe hakuwahi kulitumia, na lilitoka kwa shida.

"Huna ufa, mwanangu. Hujawahi kuwa nao. Niliuandika mimi, ili usicheze ile mechi, ili wasikuone."

Dari alicheka kidogo, kama mtu aliyeambiwa mzaha asiouelewa. Akatazama mguu wake, akamtazama yeye. Akabonyeza pale pale mahali pa ufa, mara mbili.

"Mbona unauma?"

"Kwa sababu nilikwambia unauma."

Ukumbini mpira ulidunda, mtu akaita mwenzake mjinga, wakacheka. Dari alipouliza tena sauti yake haikuwa na hasira, ilikuwa ya mtu anayehesabu.

"Aprili walikupigia wewe?"

"Walinipigia."

"Ukawaambia nini?"

Akamwambia alichowaambia, neno kwa neno, hakujipunguzia. Dari alisikiliza. Kisha akavaa soksi, akaivuta vizuri mpaka mikunjo ikaisha, akavaa kiatu.

"Jumatatu walimhamishia mama kwenye chumba cha barafu," akasema. "Wanasema kazi ya kule haihitaji vidole vyepesi." Akashuka mezani akatoka.

Bi Dessa alingoja apigiwe simu. Na mkuu wa chuo, na gazeti, na wakili, na Vernice. Alitoa leseni kwenye fremu akaiweka kwenye bahasha, akaandika barua ya kujishtaki, kisha akaenda nayo kwa Dari, akamwambia itume wewe, au niambie niitume mimi. Dari alimrudishia. Alikuwa ameshapiga hesabu zake. Msimu unaokuja ndio wa mwisho kwake. Ikijulikana kwamba mtu wa matibabu ni mwongo, kila ukurasa wa faili utashukiwa, na hata magoti yake mazima yatakuwa ya uongo. Timu ikifungiwa, hana pa kucheza. Alichohitaji ni msimu mmoja wa kuruka.

"Usiniombe msamaha kwa barua," akamwambia. "Itanigharimu."

Basi akabaki na kazi yake. Agosti hiyo hiyo walimwongezea mkataba wa miaka miwili, Kocha Mims akaleta keki.

Dari hakumsamehe, na hakuna aliyemtaka afanye hivyo. Kama ingekuwa chuo kikubwa, angepita mlango wa pili akafungwa miguu na mtu mwingine, kwenye meza nyingine, asimwone tena maisha yake yote. Pearl Bend hakuna mtu mwingine. Kila siku saa tisa alasiri aliingia, akakaa, akampa mguu wa kulia, kisha wa kushoto. Bi Dessa hakuwa tena na la kumtania. Alizungusha plasta kimya kimya, akiangalia isikaze sana, na Dari alitazama ukuta juu ya kichwa chake mpaka amalize. Wengine kwenye foleni walidhani wamegombana jambo dogo, na mmoja wao, mtoto wa mwaka wa kwanza asiyejua kitu, akauliza kwa nini siku hizi chumba hiki kimekuwa kama msibani. Dari aliteremka, akatua kwa mguu wa kulia.